Mwongozo kamili wa kukausha tumbaku ya kiko kabla ya kuivuta

Mtu akipata kiko chake cha kwanza huelekezwa namna ya kukijaza, namna ya kukiwasha na namna ya kushindilia majivu. Kuna jambo moja ambalo mara nyingi huachwa, nalo huweza kuyaharibu hayo mengine yote: tumbaku nyingi hutoka koponi ikiwa mbichi mno kuvutwa papo hapo. Huwaka kwa shida, huzimika kila baada ya muda mfupi, na ukifika katikati kiko kinaanza kukoroma kwa maji yaliyojikusanya shingoni.

Mimi nilivuta kwa miezi kadhaa ulimi ukiwa umebabuka. Nilibadilisha kiko, nikabadilisha njiti, nikajifunza kuvuta polepole mpaka nikachoka. Siku moja nilikuwa nimeshachambua tumbaku ya Virginia juu ya sahani, tayari kujaza, nikaitwa kwa shughuli nyingine. Niliporudi baada ya saa mbili hivi, nilijaza ileile bila kufikiri. Kiko kile kilikwenda mpaka chini kwa kuwashwa tena mara moja tu, na ulimi wangu ulibaki salama. Tumbaku ilikuwa ya kopo lilelile lililonitesa wiki nzima. Kilichobadilika ni maji tu.

Kabla sijaendelea, niseme hili waziwazi. Moshi wa kiko una nikotini na una kemikali zinazosababisha saratani, hata usipoumeza, na kukausha tumbaku hakupunguzi madhara hayo. Mwongozo huu ni kwa mtu mzima ambaye tayari anavuta. Tumbaku iliyotandazwa mezani iwe mbali na watoto na wanyama, kwa sababu nikotini ni sumu ikiliwa.

Maji yanafanya nini ndani ya kiko

Watengenezaji hufungasha tumbaku ikiwa na unyevu kwa sababu za msingi. Jani kavu huvunjika likikatwa na likigandamizwa, na jani lenye unyevu hutunza harufu na huendelea kukomaa ndani ya kopo. Kwa hiyo ukifungua kopo na kukuta tumbaku inashikana vidoleni, hujauziwa kitu kibovu. Umeuziwa kitu kilichoandaliwa kwa ajili ya kutunzwa, na sehemu iliyobaki ya kazi ni yako.

Tufanye hesabu ndogo. Chukua tumbaku ya kutosha kiko kimoja, tuseme gramu 3, yenye unyevu wa asilimia 20. Ndani yake mna gramu 0.6 za maji, sawa na matone 12 hivi. Kabla jani halijaungua, maji hayo lazima yachemke yawe mvuke. Kugeuza maji yanayochemka kuwa mvuke kunataka joto zaidi ya mara sita ya lile lililoyafikisha kwenye kuchemka kutoka kwenye joto la kawaida la chumba. Kaa la tumbaku ni dogo, haliwezi kumudu kazi hiyo, basi linafifia. Wewe ukiona linafifia unavuta kwa nguvu. Ukivuta kwa nguvu kaa linapata moto wa ghafla, mvuke wa moto unakimbilia mdomoni, na mvuke huunguza kuliko hewa kavu ya joto hilohilo. Mvuke mwingine unapoa njiani na kurudi kuwa maji. Hayo ndiyo yanayokoroma.

Tumbaku ileile ikikaushwa mpaka asilimia 13, maji yanashuka mpaka gramu 0.36, yaani matone saba. Matone matano tu yameondoka, lakini ukivuta hutasadiki kwamba tofauti ni ndogo kiasi hicho. Kumbuka pia kwamba kuungua kwa jani lenyewe huzaa maji. Hata tumbaku iliyokaushwa vizuri italeta unyevu kidogo shingoni, na hilo si kosa la mtu.

Unalenga wapi

Kwa tumbaku isiyotiwa viungo vya harufu, wavutaji wengi hujikuta wakipenda unyevu wa asilimia 12 hadi 14. Chini ya asilimia 10 jani linakuwa la kupasuka, linawaka kama karatasi, moto unakimbia na ladha inakuwa nyembamba na kali. Juu ya asilimia 16 au 17 matatizo ya maji yanaanza.

Lakini hakuna atakayekaa na kipimo mezani kila anapotaka kuvuta. Vidole ndivyo vipimo vya kweli, na vinafundishika. Haya ndiyo majaribio matatu ninayoyatumia, na ninakuomba uyafanye polepole mpaka mkono wako uyazoee.

La kwanza ni kubana. Chukua tumbaku kiasi cha kuingia kati ya kidole gumba na vidole viwili. Bana kwa nguvu ya wastani, hesabu mpaka tatu, kisha achia. Ikibaki imeshikana kama donge, bado ni mbichi. Ikitawanyika mara moja na kuacha vumbi vidoleni, umepitiliza. Ile inayofaa hufanya kitu cha katikati: hubaki na umbo la vidole vyako kwa nukta moja hivi, halafu nyuzi zinaanza kuachiana zenyewe, moja baada ya nyingine, kama kitu kinachojinyoosha baada ya usingizi. Ukilitazama hilo kwa makini mara tatu au nne, hutalisahau.

La pili ni ubaridi. Weka jani moja juu ya mdomo wa chini, au kwenye shavu. Ngozi ya hapo hutambua unyevu ambao vidole haviutambui, hasa vidole vilivyozoea kazi. Jani lenye maji mengi linapoza ngozi kwa sababu maji yanageuka mvuke. Jani lililofikia hali yake halipozi wala haliwashi. Unaliona tu kama jani.

La tatu ni sauti. Sogeza tumbaku sikioni ukiisugua taratibu kati ya vidole. Mbichi haina sauti. Iliyokauka mno inakatika kwa sauti kali, kavu. Inayofaa ina mchakacho mdogo sana, wa kusikika chumba kikiwa kimya tu.

Wengi hukosea upande wa kuogopa. Wanasikia tumbaku imeanza kuwa kavu, wanadhani ladha inapotea, wanaiwahi. Ushauri wangu kwa anayeanza ni kwamba ukidhani imetosha, iache dakika kumi zaidi.

Vifaa

Sahani pana au karatasi nyeupe isiyo na wino wala harufu. Chombo kidogo cha kioo chenye kifuniko kinachobana. Mizani ya kidijitali inayosoma mpaka gramu 0.01 ukipenda kupima. Daftari. Karatasi ya gazeti usitumie, kwani wino wake una harufu na tumbaku hunyonya harufu kwa urahisi mkubwa. Kwa sababu hiyohiyo, usikaushie jikoni wakati kuna kitu kinakaangwa, wala karibu na manukato au sabuni.

Hatua kwa tumbaku ya nyuzi

Tuanze na tumbaku iliyokatwa nyuzi nyembamba, maana ndiyo nyepesi kukausha.

1. Toa koponi kiasi cha kiko kimoja, au viwili ukijua utavuta vyote siku hiyo. Funika kopo mara moja. Usikaushe kopo zima kwa ajili ya kiko kimoja: tumbaku inayobaki inataka unyevu wake ili iendelee kutulia na kukomaa.

2. Chambua. Tenganisha madonge yote kwa ncha za vidole, bila kusaga. Donge moja lililobaki katikati litakauka nje na kubaki bichi ndani, nalo ndilo litakalozima kiko chako nusu ya safari.

3. Tandaza safu moja nyembamba juu ya karatasi. Ukiona karatasi kati ya nyuzi, umetandaza vizuri.

4. Acha mahali penye hewa inayotembea kidogo, pasipo na jua la moja kwa moja. Upepo wa feni ukiupiga rundo moja kwa moja utatawanya nyuzi; elekeza feni ukutani, hewa ijizungukie.

5. Baada ya dakika 15, geuza na uchanganye, halafu fanya jaribio la kubana. Rudia kila baada ya dakika 10. Nyuzi nyembamba mara nyingi hufika ndani ya dakika 20 hadi 45, lakini dakika ni makadirio tu. Anayeamua ni kidole.

6. Ikishafika, kusanya uweke ndani ya chombo cha kioo, funika, uiache itulie dakika 10 au 15. Hatua hii watu huiruka. Ncha za nyuzi hukauka kabla ya mishipa na sehemu nene, na utulivu huu huziacha zigawane unyevu. Ukiitoa baada ya hapo, bana tena. Ikirudi kuwa laini kuliko ulivyotaka, itandaze tena dakika chache.

7. Jaza kiko. Tumbaku iliyokauka sawasawa huvumilia kushindiliwa kidogo zaidi kuliko mbichi, kwa sababu haivimbi wala haijikunji sana inapopata moto wa kwanza. Vuta hewa kabla hujawasha: upinzani uwe mwepesi, kama kunywa maji kwa mrija mpana.

Vipande bapa, matofali na kamba

Tumbaku iliyogandamizwa ina unyevu uliojificha. Kipande bapa kinaweza kuwa kikavu kwa nje na ndani kikawa bado kibichi, basi kukibana kizima hakukuambii kitu. Kuna njia mbili na zote nazitumia.

Njia ya kwanza ni kufikicha kwanza, kukausha baadaye. Weka kipande kati ya viganja, kisugue kwa mwendo wa duara mpaka kifunguke kuwa nyuzi, kisha fuata hatua za juu. Hii ni njia ya haraka na ya uhakika, nami humshauri yeyote anayeanza aishike hii.

Njia ya pili ni kwa wale wanaokunja kipande na kukitia kikiwa kizima. Hapo kausha kipande kikiwa kimetengwa na vingine, kwa saa tatu au nne, hata usiku kucha kama hewa si kavu sana. Kipime kwa kukikunja. Kibichi hukunjika kama ngozi na kubaki kimekunjika. Kilichofika kinaanza kupasuka juu ya mkunjo, huku nyuzi za chini zikishikilia. Kikivunjika vipande viwili kwa sauti, kimepita.

Tofali lichonge kwanza kwa kisu kikali, vipande vyembamba kadiri uwezavyo, au vijitofali vidogo vya milimita tatu nne. Tumbaku ya kamba ikatwe visahani vyembamba, kisha vichambuliwe. Kamba nyingi huwa na mafuta na nguvu, na kukauka kwake ni kwa saa, wakati mwingine usiku mzima. Nimejaribu kuiharakisha na sikuwahi kufurahia matokeo.

Tumbaku iliyotiwa manukato

Hapa ndipo vidole hudanganya, na hapa ndipo ninapoona watu wakiumia zaidi.

Tumbaku nyingi za manukato, hasa zile za msingi wa Cavendish mweusi (jani lililopikwa kwa mvuke mpaka likawa jeusi), hutiwa propileni glikoli au gliserini. Vitu hivi hubeba harufu na huvuta maji kutoka hewani. Propileni glikoli huchemka kwenye nyuzi 188 za Selsiasi, na gliserini juu zaidi ya hapo, kwa hiyo haviondoki kwa kuachwa sahanini kama maji yanavyoondoka. Tumbaku inaweza kuwa imepoteza karibu maji yote ya kupotea na bado ikahisi laini na kunata.

Ukingoja mpaka ikauke kama Burley tupu, yaani jani lisilotiwa manukato, utangoja siku nzima, manukato yatakuwa yameruka, na bado haitakuwa kavu. Kwa tumbaku ya namna hii tumia saa kwanza, kidole baadaye. Tandaza kwa saa moja, kisha vuta nusu kiko. Kesho tandaza saa mbili. Keshokutwa tatu. Andika kila mara. Utakuta mahali ambapo kuongeza muda hakubadilishi chochote, na hapo ndipo mwisho wa tumbaku hiyo. Ikiwa hata hapo bado inakoroma na kubabua ulimi, tatizo halimo tena kwenye ukaushaji. Jaza kwa ulegevu zaidi, vuta polepole, au chagua tumbaku nyingine.

Kumbuka pia kwamba manukato mepesi ndiyo hutangulia kuruka. Tumbaku inayonukia tunda au maua uiharakishe kidogo; yenye harufu nzito kama vanila au kakao huvumilia.

Jani na tabia yake

Virginia ina sukari nyingi na ndiyo inayoadhibu zaidi ikivutwa mbichi. Ninaipeleka karibu na ukavu kuliko zote, ila siiachi ipasuke, kwa sababu utamu wake unakuwa mkali. Burley ina sukari kidogo sana, jani lake lina vitundu vidogo vingi, hunyonya haraka na huachia haraka. Itazame kila dakika kumi. Latakia, ambayo jani lake hukaushwa kwa moshi wa kuni, ni mvumilivu: moshi ule umeingia ndani na haupotei kwa saa moja ya hewa. Mchanganyiko wenye Latakia nyingi ndio ningempa mtu ajifunzie. Perique, ya Louisiana nchini Marekani, huvundikwa ndani ya mapipa kwa kugandamizwa, na kwa kawaida huja ikiwa kiasi kidogo ndani ya Virginia. Fuata tabia ya Virginia yenyewe.

Hewa ndiyo mwenye nyumba

Tumbaku haikauki kwa sababu imeachwa wazi. Hukauka kwa sababu hewa iliyoizunguka ni kavu kuliko yenyewe, na huendelea mpaka vikubaliane. Hewa yenye unyevu wa asilimia 60 hadi 65 huifikisha tumbaku isiyo na viungo karibu na pale tunapopataka. Hewa ya asilimia 30 itaigeuza unga asubuhi ukiisahau usiku. Hewa ya asilimia 80, ya msimu wa mvua au ya pwani, haitaikausha kamwe. Unaweza kuiacha siku mbili na ukaikuta imenywa maji zaidi.

Kipimaunyevu kidogo cha kuweka mezani kitakuokolea kubahatisha. Hewa ikiwa nzito, una njia tatu nzuri. Tandaza ndani ya chumba chenye kiyoyozi, kwani kiyoyozi huondoa maji hewani. Au tumia taa inayotoa joto, kama nitakavyoeleza. Au weka tumbaku ndani ya chombo kilichofungwa pamoja na vipakiti vya silika, vile vya kunyonya unyevu, vilivyo vikavu, bila kugusana, ukikagua kila nusu saa. Njia hii ya mwisho ni tulivu na inatunza harufu vizuri, maana hewa haitembei.

Njia za haraka

Taa ya mezani yenye balbu ya kupata joto ndiyo njia ya haraka ninayoiamini. Weka sahani sentimita 30 chini ya balbu, geuza kila dakika tano. Sahani iwe vuguvugu, isiwe ya moto. Dakika 10 hadi 20 kwa nyuzi. Taa za LED hazina joto la kutosha kwa kazi hii.

Oveni inawezekana ikiwa inashuka hadi nyuzi 50 au 60 na mlango ukiachwa wazi kidogo. Usiondoke. Tumbaku ndogo juu ya sinia pana hukauka kufumba na kufumbua.

Maikrowevu naitaja kwa sababu watu huitumia. Sekunde tano, toa, tandaza, mvuke utoke, gusa. Ukilazimika, tano tena. Huchemsha maji ndani ya jani kwa mkupuo, hukausha kwa madoa, na ikizidi tumbaku inaweza kuungua humohumo. Chumba nacho kitanuka. Mashine ya kukaushia nywele hutawanya tumbaku na hukausha juu tu.

Jua liache. Mwanga mkali hufifisha rangi na harufu ya jani, na joto lake huwezi kulipunguza.

Kwa anayependa mizani

Uzuri wa mizani ni kwamba huhitaji kukisia ukishajua ulipoanzia. Chukua gramu 2 za kopo hilo, zifikiche, zitie katika oveni ya nyuzi 100 mpaka uzito usishuke tena ukizipima mara mbili kwa kupishana nusu saa. Kilichopotea, ukigawanya kwa uzito wa mwanzo, ni unyevu wa tumbaku hiyo kwa makadirio mazuri. Hizo gramu 2 zitupe. Fungua madirisha, harufu itakuwa kali. Kwa tumbaku ya manukato kipimo hiki hupotosha, kwa sababu sehemu ya vile viungo huondoka pia.

Tuseme umepata asilimia 20. Katika gramu 10 za tumbaku hiyo, gramu 8 ni jani tupu. Gawanya 8 kwa 0.87, unapata 9.20: huo ndio uzito utakaokuwa nao ikifika asilimia 13. Kwa asilimia 14 ni 9.30, kwa asilimia 12 ni 9.09. Kwa hiyo unatandaza gramu 10, unapima kila baada ya muda, na mizani ikisoma 9.20 unaifunga chomboni. Tazama jinsi nafasi ilivyo finyu: kati ya asilimia 12 na 14 kuna gramu 0.21 tu. Ndiyo maana mtu anayekausha kwa kukisia leo anafurahi na kesho analalamika juu ya kopo lilelile.

Mizani nimeitumia zaidi kufundisha vidole vyangu. Nilibana kwanza, nikakisia asilimia, kisha nikapima. Baada ya majuma machache kisio kilikuwa karibu sana na mizani, nikaiweka kabatini.

Jaribio la mafungu manne

Ukifanya kitu kimoja tu katika mwongozo huu, fanya hiki. Chukua tumbaku moja, isiyo na manukato, ya kutosha viko vinne. Chambua yote pamoja, igawe mafungu manne sawa. La kwanza lifunge chomboni hapo hapo. La pili litandaze dakika 20, la tatu dakika 45, la nne dakika 90. Kila moja likitimiza muda wake, lifunge chomboni na uandike nje. Kisha vuta moja kwa siku, katika kiko kilekile, saa ileile, baada ya chakula kilekile ikiwezekana. Kiko kipumzike siku nzima kati ya mvuto na mvuto, kikiwa kimepitishwa waya wa kusafishia, kwa sababu mti wake nao hunywa maji na kiko kibichi kitakupa jibu la uongo.

Andika mambo manne: umewasha mara ngapi, kilikoroma au la, ulimi ulihisi nini saa moja baadaye, na ladha ilikuwa na nguvu wapi. Wengi hushangaa kwamba ladha haikuwa kwenye fungu bichi zaidi. Harufu ya koponi huwa na nguvu tumbaku ikiwa na maji, na hilo ndilo linalotudanganya tuiogope hewa.

Kiko kinapokueleza

Kiko kikikoroma kabla ya nusu, kaa likizimika kila dakika mbili, ukuta wa kiko ukiwa wa moto ilhali moshi ni mchache, tumbaku ilikuwa mbichi. Usikivute kwa nguvu kukiokoa. Pitisha waya shingoni, ukae kidogo, kisha endelea kwa pumzi fupi, au kimwage.

Kaa likikimbia chini upesi, moshi ukiwa mwingi na mkali, koo likiwasha na majivu yakiwa meupe mepesi kabla hujapumzika, tumbaku ilikuwa kavu mno. Punguza kasi, shindilia kidogo zaidi ili kubana hewa.

Ukisikia ulimi umewaka lakini hakuna koromo wala kuzimika, hapo maji hayahusiki. Huenda unavuta haraka, au jani lenyewe halipatani nawe.

Ikikauka kupita kiasi

Tumbaku iliyokauka inarudishika, ingawa harufu iliyokwisha kuruka haitarudi. Itandaze ndani ya bakuli, funika bakuli kwa kitambaa safi kilichoroweshwa maji yaliyochemshwa na kupoa, kikakamuliwa sana, bila kugusa tumbaku. Kagua kila saa, uchanganye. Ukipuliza maji kwa chupa ya kunyunyizia, puliza mara moja kwa mbali, funga chomboni, ungoje mpaka kesho kabla ya kuamua kuongeza. Haraka hapa huzaa tumbaku yenye nje iliyolowa na ndani kavu.

Ganda la tunda au kipande cha kiazi, ambavyo watu wengi hushauriana kuvitia, sivipendekezi. Vinaleta kuvu. Ukiona manyoya meupe au ya kijani juu ya tumbaku, au ukinusa uvundo wa ghala lenye maji, tupa yote na uoshe chombo kwa maji yanayochemka. Chembechembe ngumu zinazong'aa juu ya vipande vya zamani vya Virginia ni jambo jingine. Hizo hazina manyoya wala uvundo, na hazina tatizo.

Iliyobaki

Ukikausha ya viko viwili ukavuta kimoja, kilichobaki kiweke kwenye chombo kidogo cha kioo kilichojaa karibu mpaka juu, ili hewa ya ndani iwe chache. Kitakaa katika hali hiyo siku kadhaa. Usikirudishe katika kopo la tumbaku mbichi: kitanywa unyevu wa wenzake, na kesho utakuwa unaanza upya bila kujua ni ipi uliyokwisha kuikausha. Mimi hubandika kipande cha karatasi nje, jina la tumbaku na dakika zake, kwa mfano "Virginia bapa, imefikichwa, dak. 70, hewa 58", na karatasi ikijaa naihamishia daftarini.